Shimo, Zizi, Hame: Tahakiki ya Lugha Itumikayo Kuyaeleza Masalio ya Sirikwa

Mtu apitaye katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, tangu miteremko ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani hadi Sotik kwa upande wa kusini na Nakuru kwa upande wa mashariki, hujikuta mara kwa mara amesimama ukingoni mwa mbonyeo wa mviringo ulioota nyasi. Asubuhi na jioni, vivuli vinapolala, mibonyeo hii huonekana kwa mbali: mmoja hapa, kumi pale, na mahali pengine mia na zaidi katika mteremko mmoja. Upana wake kwa kawaida ni mita 10 hadi 20, na kina chake hupita mita 2. Upande wa juu wa mteremko umechimbwa. Upande wa chini umeachwa wazi, na kando ya uwazi huo pana tuta. Katika uwanda wa Uasin Gishu, ambako miti ilikuwa haba, kuta za ndani zimejengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo. Kwingineko aghalabu hakuna hata jiwe moja.

Wanaakiolojia wanatueleza kwamba masalio haya ni ya baina ya karne ya 12 au 13 na karne ya 17 au mwanzo wa karne ya 18. Waandishi wa Kiingereza wameyaita kwa muda mrefu kwa jina ambalo tafsiri yake ya neno kwa neno ni "mashimo ya Sirikwa", na tafsiri hiyo ndiyo iliyoingia katika Kiswahili cha madarasani. Makusudi ya makala haya ni kulihoji jina hilo, kwa kuwa twaamini kwamba sehemu zake zote mbili, yaani "mashimo" na "Sirikwa", zimetoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa. Si kazi yetu kuwafunza wanaakiolojia uchimbuzi. Lakini wao wakishaweka sururu chini hushika kalamu, na hapo huwa wameingia katika uwanja wetu.

Tuanze na shimo. Katika Kiswahili shimo ni kitu kinachochimbwa ili kitu kitiwe ndani yake au kinaswe ndani yake. Tuna shimo la taka, shimo la choo, shimo la kutegea mnyama. Panya ana shimo, na nyoka ana shimo. Binadamu haishi shimoni ila kwa adhabu, na haingii humo ila kwa bahati mbaya au kwa kuzikwa. Kwa hiyo mwalimu asemapo mbele ya darasa kwamba Sirikwa waliacha mashimo, mwanafunzi humaliza sentensi mwenyewe: kumbe watu hawa walikaa mashimoni. Mwandishi wa makala haya aliwahi kusahihisha insha ya mwanafunzi aliyezaliwa na kulelewa Uasin Gishu, ambaye aliandika bila wasiwasi wowote kwamba wazee wa kale wa nchi yake waliishi chini ya ardhi "kama nungunungu". Hakuwa na nia ya kudharau. Alikuwa amelisoma neno kwa uaminifu.

Ni haki kusema kwamba kosa hili halikuzaliwa katika Kiswahili, wala halikuzaliwa Kenya. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 dhana ya nyumba za mashimoni ilikuwa ya kawaida kabisa kati ya wataalamu wa Uingereza walipozungumza juu ya wazee wao wenyewe. Mashimo ya zama za chuma ya kusini mwa Uingereza yalisemwa kuwa ni makao ya watu, mpaka Gerhard Bersu, Mjerumani aliyeondolewa kazini na utawala wa Wanazi, alipochimbua Little Woodbury karibu na Salisbury mwaka 1938 na 1939. Bersu alionyesha kwamba mashimo yale yalikuwa ghala za nafaka, na kwamba wenyewe walilala katika nyumba kubwa ya mviringo iliyosimama juu ya ardhi, ambayo miti yake ilikuwa imeoza na kuacha alama tu. Msomaji aangalie tarehe hizo. Mary Leakey alichimbua Hyrax Hill, nje kidogo ya Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Maana yake ni kwamba masalio ya nyanda zetu yalianza kuchunguzwa kwa dhati wakati ule ule ambapo huko Ulaya mtu kuishi shimoni kulionekana kuwa jambo lisilohitaji ushahidi. Dhana ilisafiri, ikafika, ikakuta mibonyeo inaingoja. Waingereza waliwatoa wazee wao shimoni kwa muda wa miaka michache. Wazee wa nyanda za juu walingoja zaidi.

Waliotoa jawabu ni wachimbuzi wa baada ya vita. Merrick Posnansky alichimbua Lanet, karibu na Nakuru, mwaka 1957. Katika miaka ya 1960 John Sutton alichunguza mahali pengi, pakiwamo Muringa katika nchi ya Elgeyo na Chemagel karibu na Sotik, na mwaka 1973 akatoa kitabu chake juu ya akiolojia ya nyanda za juu za magharibi ya Kenya, ambacho hadi leo hakuna awezaye kukikwepa. Baadaye alirudi Hyrax Hill, akachapisha matokeo mwaka 1987. Naye Kyule akaendeleza uchunguzi wa hapo hapo, hasa kuhusu uchumi wa wenyeji wake, katika makala ya mwaka 1997. Kutokana na kazi hizi picha imenyooka. Mbonyeo ni zizi. Ulichimbwa kwa makusudi ubavuni mwa mteremko ili ng'ombe walale ndani yake, ukazungushiwa ua wa miti au ukuta wa mawe, ukaachiwa mlango mmoja upande wa chini. Kila samadi na matope yalipojaa, yalizolewa na kutupwa nje ya mlango, na hivyo ndivyo tuta lilivyoota. Nyumba za watu zilijengwa nje ya zizi, kwenye ardhi ya kawaida, zikiwa zimegusana na ua, na mtu aliingia nyumbani mwake kwa kupitia zizini.

Sentensi hiyo ya mwisho yafaa isomwe mara mbili, maana ndani yake mna siri ya kosa lote. Nyumba ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Ilipoachwa ilioza, ikasawazika na uwanda, na ng'ombe wa watu waliofuata wakalisha juu yake. Zizi lilikuwa limechimbwa, na kilichochimbwa hakiozi. Kwa hiyo jicho la mpita njia liliona kitu kimoja tu kati ya viwili, likakipa kazi ya vyote viwili. Na ndiyo sababu twasema kwamba neno "shimo" linaeleza alichokiona mpita njia, ambapo neno "zizi" linaeleza alichokifanya mwenyeji. Tofauti hii si ya mapambo. Mtu mwenye zizi ana ng'ombe, ana maziwa, ana jirani wa kumwogopa na jirani wa kumwoza binti. Ana kazi ya asubuhi na kazi ya jioni. Katika zizi moja lililochimbuliwa twapata vigae vya vyungu vilivyotiwa nakshi kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mtu mwenye shimo hana chochote ila shimo.

Sasa tuingie katika neno la pili, ambalo ni gumu zaidi, na hapa lugha yetu inatubana kuliko Kiingereza kinavyowabana wenyewe. Mwandishi wa Kiingereza aweza kuliweka neno "Sirikwa" mbele ya jina lolote na kuliacha hapo, likining'inia, bila kuamua kama ni kabila, au zama, au mtindo wa maisha, au ni sifa tu ya vyungu fulani. Kiswahili hakina huruma hiyo. Mara tu tunapotaka kulitumia neno hili katika sentensi yetu, ngeli inatudai kiambishi, na kila kiambishi ni nadharia. Tukisema "Wasirikwa", tumekwisha kuunda taifa la watu, wenye mwanzo wao na mwisho wao, na swali linalofuata bila kukwepeka ni: walikwenda wapi? Tukisema "Kisirikwa", msomaji atadhani pana lugha ya jina hilo. Tukisema "Usirikwa", ama tumechora nchi katika ramani, ama tumebuni hali ya maisha. Mwandishi aandikaye "Wasirikwa" kwa mazoea tu, kama aandikavyo Wanandi au Wapokoti, amechagua nadharia moja kati ya tatu bila kujua kwamba alikuwa akichagua.

Nadharia hiyo ya taifa lililotoweka ina historia yake, nayo haikosi lawama. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kwamba Wazayuni wapewe uwanda wa Uasin Gishu wawe na makao yao hapo. Tume ilitumwa kuukagua, na Wazayuni wenyewe wakakataa mwaka 1905. Hatimaye mwaka 1908 wakaja Makaburu. Katika mazungumzo hayo yote uwanda ule ulihesabiwa kuwa nchi isiyo na mwenyewe. Ni kweli kwamba vita vya Wamaasai kwa Wamaasai vya karne ya 19 viliupunguzia watu. Lakini mibonyeo yenye kuta za mawe ilikuwapo kila upande, ikishuhudia kwamba nchi ile ilikuwa imekaliwa, tena kwa karne nyingi. Ushahidi kama huo unahitaji kufasiriwa, na fasiri iliyopatikana upesi ilikuwa kwamba wenyewe walikuwa watu wengine, si wazee wa hawa walio jirani.

G.W.B. Huntingford, aliyeishi miaka mingi kati ya Wanandi na kuandika mengi yenye manufaa juu ya lugha na desturi zao, alichapisha mwaka 1933 makala mashuhuri katika jarida la Antiquity, ambamo alikusanya masalio ya namna mbalimbali ya nyanda za juu na kuyaweka chini ya jina moja la "ustaarabu wa Azania". Jina Azania lilitoka katika maandishi ya Kiyunani, ambamo lilikuwa jina la pwani. Likapandishwa mlimani, likavikwa watu ambao hawakuwa wameliomba. Mwaka 1959 Mmarekani George Murdock aliendeleza jengo hilo kwa kuwabuni Wakushi wajenzi wa mawe makubwa, ambao walistahili sifa za karibu kila jiwe lililopangwa kutoka Ethiopia hadi Tanzania. Hatusemi kwamba mabwana hawa waliandika kwa kuwapendelea walowezi. Hatuna haja ya kusema hivyo. Twasema kwamba kisa walichokisimulia kilikuwa na umbo linalojulikana: wajenzi huja kutoka mbali, hujenga, hutoweka, waliobaki hawajui. Umbo hilo hilo lilitumika pwani, ambako James Kirkman aliuita Gedi mji wa Waarabu katika jina la kitabu chake cha mwaka 1954. Mhakiki wa fasihi akikuta kisa kimoja kinasimuliwa juu ya mawe ya pwani na juu ya mibonyeo ya milimani, kwa ushahidi usiofanana hata kidogo, ana haki ya kushuku kwamba kisa kilikuwapo kabla ya ushahidi.

Sutton alilibomoa jengo hilo, na kwa jambo hili twamshukuru. Alionyesha kwamba masalio yaliyokuwa yamefungwa pamoja yalikuwa ya nyakati mbalimbali na kazi mbalimbali, na kwamba mazizi yaliyochimbwa yanaafikiana kwa sehemu kubwa na historia ya watu wasemao lugha za Kikalenjin. Kwake yeye Sirikwa si taifa lililopotea bali ni kipindi katika historia ya watu wangali wapo. Hapo ndipo simulizi zinapopata maana. Wazee wa nyanda za juu wamesimulia mambo mawili yanayoonekana kupingana: kwamba Sirikwa walikuwa watu wa zamani wenye ng'ombe, walioshindwa na Wamaasai na kuondoka kuelekea kusini, na kwamba koo kadha wa kadha za hapa hapa zina asili ya Sirikwa. Waandishi wa awali walichukua la kwanza na kulitupa la pili. Lakini msikilizaji aliyezoea simulizi anajua kwamba masimulizi hayasemi uongo kwa sababu yanapingana. Maisha ya mazizi ya kuchimbwa yalikoma kweli. Zizi lililozama ardhini na mlango wake mmoja lilifaa dhidi ya wezi wachache wa usiku. Halikufaa mbele ya vikosi vya morani. Wenye nalo waliacha namna ile ya kuishi, wengine wakahama, wengine wakapanda milimani, wengine wakaingia katika jamii za washindi. Mjukuu anaposema "Sirikwa waliondoka" na tena "babu yetu alikuwa Sirikwa" anasema neno moja.

Hata hivyo tuna neno na Sutton pia. Baada ya kutuonya kwamba Sirikwa si kabila, aliliacha jina hilo libaki kuwa jina la mazizi, la vyungu na la zama, hata likawa zito kuliko lilipokuwa jina la watu. Twaelewa sababu yake: jina lilikuwa limekwisha zoeleka, na mwanasayansi hapendi kubuni majina kila mwaka. Lakini jina lililozoeleka huendelea kufanya kazi yake ya zamani hata baada ya kuagizwa kufanya kazi mpya. Wapo watakaosema kwamba badala yake tuseme wazi "mazizi ya Wakalenjin wa kale". Hapo napo pana mtego. Jina "Kalenjin" kama jina la pamoja la Wanandi, Wakipsigis, Waelgeyo, Wapokoti na ndugu zao lilienea katika miaka ya 1940. Asili yake ni usemi wa kumwambia mtu "nakuambia". Kumtia mfugaji wa karne ya 14 katika jina la karne ya 20 ni kumvika kanzu iliyoshonwa kwa ajili ya mjukuu wa mjukuu wake. Na wanaisimu tukumbuke onyo la Christopher Ehret, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya historia ya Waniloti wa Kusini alionyesha ni maneno mangapi yaliyoingia katika lugha hizi kutoka kwa jirani wasemao lugha za Kikushi. Watu waliokopeshana maneno kwa kiasi hicho walikopeshana na binti na ng'ombe pia. Hakuna mlango wa zizi ambao tunaweza kubandika juu yake jina la kabila moja na kulala usingizi. Uasin Gishu yenyewe, ambako mazizi ya mawe ni mengi, ina jina lililotoka kwa Wamaasai waliokuja baadaye.

Pendekezo letu ni la wastani. Liachwe kabisa "Wasirikwa" kama jina la wajenzi. Patumike "mazizi ya mtindo wa Sirikwa", maneno matano badala ya matatu, ni kweli, lakini neno "mtindo" linabeba mzigo ambao kiambishi hakiwezi kuubeba. Na mahali pazima, yaani zizi pamoja na nyumba zilizooza kandoni mwake, pasiitwe mashimo wala magofu, bali mahame.

Neno hili "hame" linastahili heshima kuliko tunavyolipa. Gofu ni jengo lililobomoka. Hudai kuta, na ndiyo maana historia yetu ya Kiswahili, iliyozoea mawe ya Kilwa na Gedi, huona magofu na kupita mahali pasipo kuta. Ganjo ni mahali palipokuwa na mji au nyumba, na bado panadokeza kuanguka. Hame ni mahali ambapo watu walikaa kisha wakahama. Halisemi kama walijenga kwa jiwe au kwa nyasi. Halisemi kwamba walikufa wala kwamba walitoweka. Kitenzi chake ni kuhama, na ahamaye ana aendako. Wataalamu wa Uingereza, walipotaka kusema juu ya vijiji vyao vya kale vilivyoachwa, walilazimika kuunganisha maneno matatu. Sisi tunalo moja, nalo linaijibu simulizi ya wazee sawasawa.

Kuhusu zama, tuna machache ya kusema. Msemo "zama za kati" ni wa Ulaya, na mtu aweza kuuliza ni kati ya nini na nini. Lakini ukiwa unatumika, utumike kwa haki. Freeman-Grenville alitoa mwaka 1962 kitabu juu ya historia ya zama za kati ya pwani ya Tanganyika, na hakuna aliyeshangaa. Karne zile zile, zikipandishwa hadi Nakuru au Eldoret, hugeuka kuwa "zama za chuma", na wakazi wake huondolewa katika historia na kutiwa katika vitu vya kabla ya historia. Mfanyabiashara wa Kilwa na mfugaji wa Muringa waliliona jua moja. Kwamba mmoja alikuwa na maandishi na mwingine hakuwa nayo ni tofauti kubwa, lakini si tofauti ya tarehe.

Limebaki deni letu wenyewe. Kiswahili kilizaliwa ufukoni, na jambo hilo linaonekana katika msamiati wake. Tuna henza, hamrawi na demani kwa kamba za jahazi moja. Tukifika zizini tunapungukiwa. Tunalo "zizi" lenyewe, tunayo "samadi", na kwa lile tuta la nje ya mlango tunalo neno zuri la "jaa", ambalo twalipendekeza kwa wanaakiolojia, kwa sababu ni jaani ambamo vigae na mifupa mingi hupatikana. Lakini njia nyembamba iingiayo zizini inaitwaje? Ule upenyo wa kutoka zizini kuingia nyumbani? Boriti za kufungia mlango usiku? Maneno haya yamo katika vinywa vya wasemaji wa Kinandi, Kielgeyo na Kipokoti, hasa wazee waliochunga utotoni. Yafaa wanafunzi wetu wanaotoka huko wapewe daftari na kutumwa kuyaandika, lahaja kwa lahaja, wakiwa wamesimama na mzee ukingoni mwa hame lenyewe, na wafanye hivyo mapema, maana mashamba ya mahindi na ngano yanalimwa kwa trekta, na kila msimu wa kulima jembe husawazisha mbonyeo mwingine.